Mita ya Umeme na Barua ya Namba

1. Wachukuzi wa barua

Bagamoyo ni mji wa kale katika pwani ya Tanzania, kaskazini ya Dar es Salaam, nao waelekea Unguja ng'ambo ya maji. Katika karne ya kumi na tisa misafara mingi ya bara ilianzia hapo na kuishia hapo. Wapagazi walishuka kutoka Ujiji na Tabora wakichukua pembe za ndovu, na pamoja nao waliletwa watu waliotekwa na kutiwa utumwani. Misafara iliporudi bara ilichukua nguo, shanga na nyaya za shaba. Safari yote ilikuwa kwa miguu, nayo ilikwenda miezi.

Katika mizigo hiyo mara nyingine ilikuwamo barua. Mfanyabiashara wa Tabora alipotaka kumpa habari mwenzake wa pwani, aliandika karatasi, akaikunja, akaitia lakiri, kisha akampa mchukuzi. Huenda mchukuzi hakujua kusoma. Na hata kama alijua, hakuwa na ruhusa ya kuifungua. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuifikisha barua kama alivyoipokea, isilowe, isipasuke, wala isipotee. Alipofanya hivyo, mtu aliyekuwa mbali alipata maneno yenyewe, kana kwamba ameambiwa mdomo kwa sikio.

Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Unguja hata Bagamoyo na Dar es Salaam. Tangu hapo neno liliweza kuvuka maji kwa muda mfupi, bila chombo wala tanga. Basi pwani hii ikazijua njia mbili za kupeleka habari: njia ya mkono na njia ya waya.

Njia hizo zote mbili zingaliko hata leo. Tena jambo la ajabu ni hili: katika nyumba nyingi za Bagamoyo lipo sanduku dogo, ambalo ndani yake mna kompyuta, lakini hupokea barua zake kwa njia ya kale, yaani kwa mkono wa mchukuzi. Sanduku hilo ni mita ya umeme, nayo huitwa LUKU.

2. Sanduku la ukutani

Jina la LUKU limetokana na herufi za kwanza za maneno haya: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Zamani mita ilihesabu tu umeme uliopita. Mtu wa Shirika la Umeme, TANESCO, alikuja kuisoma, na mwenye nyumba akaletewa hati ya madai baadaye. Kwa mita ya LUKU mambo yamegeuzwa. Mwenye nyumba hununua umeme kwanza, kisha huutumia. Akiba ikiisha, mita hukata umeme yenyewe, wala haimwogopi tajiri wala haimhurumii maskini.

Umeme hupimwa kwa uniti. Uniti moja ni nguvu inayotumiwa na chombo cha wati 1,000 kikiwaka muda wa saa moja. Taa ya wati 10 yaweza kuwaka saa 100 kwa uniti hiyo moja, bali pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja tu.

Kazi ya kupima, kutoa hesabu na kukata hufanywa na kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya sanduku. Si kompyuta kama ile iliyo juu ya meza ya karani, yenye kuandika barua leo na kuonyesha picha kesho. Hii imefundishwa kazi moja tangu kiwandani, nayo huifanya mchana na usiku bila kuchoka. Kompyuta za namna hii ni nyingi kupita zile za mezani. Zimo katika magari, katika majokofu, katika pampu za maji na katika minara ya simu. Watu huzipita kila siku wala hawazioni.

Sasa fikiri jambo hili. Mita nyingi za LUKU hazina waya wa habari, wala hazina simu ndani yake. Umeme huja kwa waya, lakini neno haliji. Mwenye nyumba akilipa fedha kwa wakala au kwa simu yake ya mkononi, mita iliyo ukutani haijui lolote. Je, itapataje habari kwamba fedha zimelipwa?

3. Barua ya tarakimu ishirini

Mtu akiisha kulipa, hupewa namba yenye tarakimu 20. Namba hiyo ndiyo barua. Hutungwa na kompyuta ya shirika, na mchukuzi wake ni mnunuzi mwenyewe. Yeye huipeleka nyumbani na kuibonyeza tarakimu moja moja katika vitufe vya mita. Naye ni kama mpagazi wa zamani, kwa kuwa huichukua barua asiyoweza kuisoma.

Haiwezi kusomwa kwa sababu imefungwa kwa ufunguo. Ufunguo huu si wa chuma, ila ni namba ndefu ya siri iliyowekwa ndani ya mita, na kompyuta ya shirika inaijua pia. Kila mita ina ufunguo wake. Kwa hiyo barua iliyoandikiwa mita ya nyumba moja haifunguki katika mita ya jirani, hata kama nyumba zimegusana ukuta. Wala mjanja hawezi kukisia, maana idadi ya namba ziwezazo kuandikwa kwa tarakimu 20 ni moja na sifuri ishirini nyuma yake.

Mita ikiisha kuifungua barua, huona ndani yake mambo mawili makubwa. La kwanza ni kiasi cha umeme ulionunuliwa. La pili ni dakika ambayo barua ilitungwa.

Dakika ina kazi gani? Imewekwa ili kuzuia udanganyifu. Kama barua ingekuwa na kiasi tu, mtu angeweza kununua uniti 10 mara moja, kisha akaingiza namba ile ile leo, kesho na kesho kutwa, akapata umeme mwaka mzima kwa fedha za siku moja. Ndiyo sababu mita huweka kumbukumbu ya dakika za barua ilizopokea karibuni. Ikiletewa barua yenye dakika ambayo imo katika kumbukumbu, husema, "Hii imekwisha kutumika." Ikiletewa barua yenye dakika ya kale kuliko zote inazozikumbuka, husema, "Hii ni ya zamani," nayo huikataa pia.

Kanuni hiyo ni njema, nayo imelinda mali ya watu wengi. Lakini ndani yake ilikuwamo siku moja ya hatari, iliyojulikana tangu mbali.

4. Kalenda yenye mwisho

Kanuni za barua hizi zilitungwa Afrika ya Kusini, kisha zikaenea katika nchi nyingi za dunia. Watungaji walipaswa kuchagua siku ya kuanza kuhesabu dakika, nao wakachagua tarehe 1 Januari 1993. Tena walipaswa kuchagua ukubwa wa nafasi ya kuandikia dakika hizo. Nafasi katika barua ilikuwa haba, kwa maana namba yote hubonyezwa kwa kidole, na namba ndefu mno humchosha mtu na kumkosesha. Basi dakika zilipewa nafasi 24.

Kompyuta haihesabu kwa tarakimu kumi kama watu wenye vidole kumi. Huhesabu kwa mbili tu, 0 na 1, kama taa ambayo imezimika au inawaka. Taa moja yaweza kuonyesha hali 2. Taa mbili huonyesha hali 4, taa tatu 8, taa nne 16. Kila taa inayoongezwa huzidisha hesabu mara mbili. Taa kumi huonyesha hali 1,024. Taa ishirini huonyesha 1,048,576. Na taa 24 huonyesha 16,777,216.

Basi kalenda ya mita ilikuwa na dakika 16,777,216, wala haikuwa na zaidi. Je, dakika hizo ni miaka mingapi? Siku moja ina saa 24, na kila saa ina dakika 60; kwa hiyo siku ina dakika 1,440. Mwaka wa siku 365 una dakika 525,600. Ukigawanya utaona kwamba kalenda hiyo yatosha miaka 31 na siku zaidi ya 330. Ukianza kuhesabu tangu tarehe 1 Januari 1993, utafika tarehe 24 Novemba 2024. Hapo nafasi zote 24 zimejaa.

Kitu gani hutokea nafasi zikijaa? Tazama gari la zamani lenye magurudumu madogo ya kuhesabu kilomita. Likifika 99,999, kilomita moja zaidi huyageuza magurudumu yote, nayo huonyesha 00,000. Mtu asiyejua atadhani gari ni jipya. Ndivyo ilivyo kwa dakika za mita. Baada ya dakika ya mwisho hesabu hurudi kwenye sifuri.

Sasa chukua mita ambayo haikutengenezwa kabla ya siku ile. Mwenye nyumba ananunua umeme tarehe 25 Novemba 2024. Hesabu imekwisha kurudi mwanzo, na barua yake ina dakika ndogo, kana kwamba imetungwa siku za kwanza za Januari 1993. Mita yazitazama dakika kubwa kubwa zilizomo katika kumbukumbu yake, yaona barua hii ni ya kale kuliko zote, yaikataa. Mtu ananunua nyingine, nayo yakataliwa. Fedha ni halali, namba ni sahihi, ufunguo ni wenyewe. Lakini umeme hauongezeki.

Katika hali hiyo mita haikukosa. Ilitenda sawasawa kama ilivyofundishwa. Mashine ni mtumishi mtiifu, lakini haina akili ya kusema, "Labda mambo yamebadilika." Mwanadamu aliyeifundisha ndiye mwenye wajibu wa kurudi na kuifundisha upya kabla siku haijafika.

Wala jambo hili si dogo. Katika mji wa pwani samaki huvuliwa usiku na kuuzwa asubuhi, na wasiouzwa wataka barafu. Zahanati huweka dawa na chanjo katika jokofu. Pampu hupandisha maji ya kisima. Mwanafunzi husoma jioni chini ya taa. Mita zikikataa barua zake, shughuli hizi zote husimama.

5. Kufuli jipya

Katika dunia nzima mita za kanuni hizi zilikuwa makumi ya mamilioni. Kuzing'oa zote na kuweka nyingine kungekuwa gharama kubwa mno. Lakini watungaji wa kanuni walikuwa wameacha mlango. Tangu mwanzo mita iliweza kupokea barua za namna ya pili, zisizoleta umeme, bali zinazoleta ufunguo mpya. Ufunguo ulikuwa mrefu kuliko nafasi ya barua moja, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili, kila kipande na barua yake. Mita ikipokea kipande kimoja hungoja. Haibadili kitu mpaka cha pili kifike. Vikiisha kutimia, hutupa ufunguo wa kale, hufuta kumbukumbu ya dakika zilizopita, na tangu hapo hupokea barua za kalenda mpya, inayohesabu tangu tarehe 1 Januari 2014.

Mita hazina waya wa habari, kwa hiyo hakuna mtu ofisini aliyeweza kuzifikia zote kwa kubonyeza kitufe kimoja. Barua hizo zilitaka wachukuzi, na wachukuzi ni wenye nyumba wenyewe. Hivyo mwaka 2024 TANESCO ilianza kuwapa wateja wake namba hizo wanunuapo umeme, bila kuwatoza fedha kwa ajili yake. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Kenya, Uganda, Afrika ya Kusini na nchi nyingine nyingi. Mnunuzi aliyezoea kupokea namba moja ya tarakimu 20 aliona safari hii zimekuja namba tatu. Mbili za kwanza zilikuwa vipande vya ufunguo, na ya tatu ilikuwa umeme wenyewe. Alielekezwa kuziingiza kwa utaratibu: ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na baada ya kila moja kubonyeza kitufe cha kukubali.

6. Mfano wa bibi na mjukuu

Kwa mfano, fikiri bibi mmoja wa Bagamoyo auzaye barafu karibu na soko la samaki. Jokofu lake limejaa, na mita yaonyesha kwamba uniti zilizobaki ni chache. Ni mwezi wa Oktoba 2024. Mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, anarudi kutoka shuleni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo unitazamie simu hii. Nimenunua umeme, na badala ya namba moja zimekuja tatu. Nimebonyeza ile ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yenye umeme, na mita imeikataa. Nachelea fedha zangu zimepotea."

"Hazijapotea, Bibi. Ile ya mwisho imefungwa kwa ufunguo mpya, na mita ingali na ufunguo wa kale. Haiwezi kuifungua mpaka ipewe zile mbili za kwanza. Lakini ngoja kwanza. Je, iko namba nyingine uliyonunua zamani na hujaiingiza bado?"

Bibi anafikiri kidogo. Kisha anafungua pindo la kanga na kutoa karatasi iliyokunjwa. "Iko hii. Niliinunua mwezi uliopita nikaiweka akiba, nikisema itanifaa siku ya dhiki."

"Vema, Bibi. Hii ndiyo ya kwanza. Imefungwa kwa ufunguo wa kale, na tukiisha kuubadili haitafunguka tena."

Msichana anaziandika namba zote katika karatasi safi, tarakimu nne nne, ili jicho lisipotee njiani. Anamsomea bibi, na bibi anazifuata katika simu, kuona kama zimelingana. Katika namba ya pili waona 7 iliyoandikwa mahali pa 1, wanaisahihisha. Kisha wanakwenda penye mita. Kwanza waingiza namba ya akiba. Mita yaikubali, na uniti zaongezeka. Ndipo waingiza kipande cha kwanza cha ufunguo, na mita yakubali. Kisha cha pili, na mita yakubali. Mwisho waingiza ile namba iliyokataliwa asubuhi. Mita yaipokea bila ubishi, na uniti zapanda.

"Kumbe haikuwa mbovu," asema bibi. "Ilikuwa yangoja zamu."

Msichana hakuwa na chombo cha fundi, wala hakufungua sanduku, jambo ambalo ni la hatari na limekatazwa. Alikuwa na mambo matatu tu: alijua maana ya kila namba, alifuata utaratibu, na alihakikisha kabla ya kubonyeza.

7. Chombo chenye anwani

Ziko pia kompyuta ndogo zinazopokea maneno yake kwa waya au kwa mawimbi ya hewani. Mwaka 2009 waya mkubwa wa chini ya bahari, uitwao SEACOM, ulifika Dar es Salaam, ukaiunganisha nchi na mtandao wa dunia kwa wepesi kuliko zamani. Ndipo vyombo vingi vikapata kuongozwa kutoka mbali. Kwa mfano, kompyuta ndogo ya pampu ya maji yaweza kumpa fundi aliye mjini habari ya maji yaliyomo katika tangi lililoko kijijini.

Ili neno lifike, chombo cha namna hii sharti kiwe na anwani. Anwani iliyozoeleka zaidi ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kama hivi: 192.168.1.20. Kila moja haipungui 0 wala haizidi 255. Sehemu ya mbele yafanana na jina la mtaa, na sehemu ya nyuma ni kama namba ya nyumba. Vyombo viwili vya mtaa mmoja visipewe anwani moja, kwa maana barua ya mmoja itakwenda kwa mwingine. Tena chombo sharti kiambiwe lango la mtaa liko wapi. Kisipolijua lango, kitazungumza na jirani zake tu, na habari zake hazitatoka nje.

Vyombo vingine vina ukurasa wao ndani, ambao fundi huufungua katika kompyuta yake na kuandika humo anwani, lango na neno la siri. Kazi yake ya kwanza ni kubadili neno la siri lililowekwa kiwandani, kwa sababu kila mwenye chombo cha aina ile analijua, naye mwizi analijua pia.

Hata programu, yaani mafundisho yenyewe ya chombo, huweza kubadilishwa kwa njia hiyo. Fundi mwenye busara hushika kanuni chache. Kabla ya kuanza, huandika katika daftari jinsi mambo yalivyo, ili aweze kurudi nyuma akipotea. Huhakikisha kwamba programu mpya imetoka kwa mwenye kukitengeneza chombo, wala haikubali ya mtu asiyejulikana. Akiisha kuanza, haukati umeme mpaka kazi iishe, maana chombo kilichofundishwa nusu huweza kushindwa hata kuwaka. Hubadili jambo moja, hulijaribu, kisha huendelea na la pili.

Linganisha kanuni hizi na kazi ya msichana wa Bagamoyo. Yeye alibonyeza kwa kidole, fundi huandika kwa mtandao; lakini desturi ni moja. Wote wawili huandika kwanza, huhakikisha, hufuata utaratibu, na hawaachi kazi katikati.

8. Siku iliyo mbele

Tarehe 24 Novemba 2024 ilipita. Mita zilizopewa ufunguo mpya ziliendelea na kazi yake, na iliyokuwa haijapewa ilipaswa kuletewa vipande vyake ndipo ipokee umeme tena. Siku ile haikuwa na kishindo, na kwa sababu hiyo watu wengi wamekwisha kuisahau. Ndivyo ilivyo kazi iliyofanywa mapema. Mvuvi azibaye nyufa za mashua yake ikiwa juu ya mchanga hasifiwi na mtu, lakini ndiye arudiye salama.

Hata hivyo kalenda mpya nayo ina nafasi 24, wala si zaidi. Ilianza kuhesabiwa tangu tarehe 1 Januari 2014, nayo itajaa mwezi wa Novemba mwaka 2045. Kama mita za kanuni hizi zitakuwa zingalipo wakati huo, zitataka tena kufundishwa. Mwanafunzi aliye darasani leo atakuwa mtu mzima, pengine fundi, pengine karani wa umeme, pengine mwuza barafu mwenye jokofu lake. Barua za namba zitahitaji tena wachukuzi waaminifu, nao watatoka katika madarasa ya siku hizi.

Maswali

1. Mpagazi wa zamani na mnunuzi wa umeme wafanana katika jambo gani?
2. Kwa nini barua ya umeme huandikwa dakika iliyotungwa? Kama isingeandikwa, ni hasara gani ingetokea?
3. Taa 5 zaweza kuonyesha hali ngapi? Na taa 12?
4. Kama dakika zingepewa nafasi 25 badala ya 24, kalenda ingetosha karibu miaka mingapi?
5. Kwa nini msichana aliingiza namba ya akiba kabla ya vipande vya ufunguo?
6. Taja kanuni nne za fundi abadilishaye programu ya chombo, na ueleze faida ya kila moja.